Chwaka ya Texas

Bibi yangu,

Shikamoo. Desturi yetu barua huanza kwa kuuliza hali, na yako siulizi kwa kuwa najua uko kwa Mwenye kukutunza kuliko sisi. Basi nitakupa yetu. Sote hatujambo. Baba amezidi kukonda na amezidi maneno. Mama anakuombea kila sala. Na mimi Rahma, uliyezoea kuniita mke mwenzako, nimerudi kwetu Ibra, hapa Oman, na ninasomesha kemia katika skuli ya sekondari ya wasichana. Gari naendesha mwenyewe. Hapo najua ungeshika kichwa, ungesema dunia imekwisha, halafu ungetaka nikupeleke Sur ukanunue samaki.

Naandika kwa herufi za Kiarabu kama ulivyonifundisha, maana za kizungu hukuzitaka. Na naandika kwa sababu wanawake wa huku hawaendi makaburini, nami nina jambo la kukuomba radhi. Nilikudanganya, Bibi. Nilikudanganya kwa neno moja, neno lenyewe likaniingiza darasani na kunitoa na shahada, na wewe ukaondoka duniani ukiliamini.

Nianzie pale kwenye kile kitabu. Kaka yangu Nassor, mjukuu wako mkubwa uliyezoea kumwita mumeo, alikuwa mwaka wa kwanza Texas akisoma uhandisi wa mafuta. Mimi nilikuwa nimemaliza skuli na wizara ilikuwa tayari kunipeleka nje, mradi chuo kinikubali na Baba atie saini. Nassor akaleta kitabu kinene kama msahafu wa msikitini, chenye vyuo vyote vya Texas, vya serikali, vya makanisa, vya miaka miwili, hata kimoja cha wanawake, na ndani yake ramani ya jimbo zima yenye vitone vyekundu. Baba alikitia machoni siku ya kwanza, akakukabidhi wewe. Alisema ruhusa ya msichana kuvuka bahari ataitoa mama yake, yaani wewe, si yeye.

Ukakikalia kitako. Kila baada ya alasiri, ukimaliza kushona kofia, tulikaa barazani mimi nikisoma na kufasiri na wewe ukihukumu. Chuo chenye wanafunzi wengi kuliko watu wa Ibra ulikikataa, ukasema huo ni mji na mtoto atapotea. Chenye msalaba juu ya mnara ulikikataa pia, kisha kesho yake ukaniambia nikisome tena, kwa sababu mapadri wa kule Unguja tulikotoka, kwa haki ya Mungu, hesabu walikuwa wakisomesha. Cha wanawake ulikipenda sana mpaka nilipokuonyesha picha ya wanawake wenyewe wakiogelea.

Majina yao yalikushinda, ukayatupa, ukavipa vyuo vyote majina ya kwetu Unguja. Cha Nassor kilichokuwa karibu na bahari kikawa Malindi ya mjini. Kile cha msongamano kikawa Ng'ambo. Cha miti mingi, Mwera. Kilichopitiwa na reli ukakiita Bububu, ukanihadithia tena ile treni uliyoipanda ukiwa mtoto. Baada ya wiki mbili Texas nzima ilikuwa imeenea kwenye ulimi wako, na ulikuwa ukiizungumza kwa majirani kama mtu aliyepanga nyumba kule. Nilikuwa nikicheka mpaka nikiumwa na mbavu.

Halafu ukatoa sharti lako. "Mtoto wa kike hendi ila jimbo moja na kakaake. Nassor amtizame kila Ijumaa, ale naye, asali naye. Ikiwa hivyo, mie nimeridhi."

Niliandika vyuo saba. Vyuo sita vikakataa au vikakaa kimya. Kimoja kikanikubali kusoma kemia, na hicho kilikuwa magharibi kabisa, jangwani, kitone kimoja pembeni mwa ramani. Nikachukua uzi wa kofia yako, nikapima kutoka kwangu mpaka kwa Nassor, nikauweka kwenye kipimo cha chini ya ramani. Nikapima tena. Basi moja linakwenda saa kumi na sita. Ni mbali kuliko kutoka hapa kwetu mpaka Salala, kusini kabisa mwa Oman. Jimbo moja, ndiyo, lakini jimbo hilo mtu anaweza kulala ndani ya basi, akaamka, na bado yumo.

Nikakuletea ile ramani. Ulikitazama kitone kile, ukaweka kidole. Nakumbuka kidole chako kilikuwa na hina iliyofifia.

"Hiki mbona kimekaa peke yake?"

Nikakwambia, "Hicho Chwaka, Bibi."

Sikusema zaidi. Na wewe ukacheka kwa raha, kwa sababu Malindi na Chwaka ulikuwa unazijua. Mtu anatoka mjini asubuhi, anafika Chwaka anakula samaki, alasiri amerudi kwake. Ulitoa kidole kwenye ramani, ukamwita Baba, ukamwambia atie saini. Kisiwa kizima cha Unguja ulikuwa nacho kichwani, nami nilikichukua nikakifunikia Texas. Najua nilichofanya. Nilijua wakati uleule.

Sitakuongopea kwamba niliteseka njia nzima. Nilipanda ndege nikiwa na furaha tele. Chuo chetu kilikuwa chini ya majabali makavu, na siku ya kwanza nilipoyaona nilifikiri nimefika Nizwa yetu kwa njia ndefu. Nilisoma, nilisali, nilipika wali wa nazi ya kopo ambao ungeumwaga. Masomo niliyaweza. Kulikuwa na siku nilitembea kutoka maabara nikijiona hakuna wa kunifunga kamba, nami sioni haya kukwambia, kwa sababu kutembea hivyo nilijifunza kwako.

Tabu ilikuwa kaseti. Ulitaka kila mwezi upate kaseti yenye sauti zetu sote wawili. Basi mimi narekodi upande wa kwanza, naituma kwa posta mpaka kwa Nassor, yeye anarekodi wa pili, ndipo inakuja Ibra. Ukauliza mbona hatuzungumzi pamoja. Nikakujibu kwenye kaseti iliyofuata kwamba Nassor ametoka kidogo kununua maziwa. Mara nyingine yuko msikitini. Mara nyingine amelala, maskini, kachoka. Nassor aliniandikia kwamba katika maisha yake hajapata kununua maziwa mengi kiasi kile, na kwamba dhambi tugawane nusu kwa nusu lakini ya kutunga ni yangu. Alikasirika pia. Alisema siku moja wewe utamshukuru kwa asichokifanya na hatajua aweke wapi uso.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike leo.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Lami imefika mpaka Sur, umeme hauzimwi tena, na friji imekaa pale ulipokuwa ukiweka mtungi. Wanasema tunajengewa chuo kikuu chetu wenyewe hapa Oman. Na Zuwena, yule kitinda mimba uliyemwacha hajui kufunga ushungi vizuri, amemaliza skuli kwa alama nzuri kuliko zangu, ananikumbusha kila siku. Anataka ufamasia. Amekubaliwa chuo kimoja huko huko Texas, upande wa kaskazini. Said, kaka yake aliyemfuata Nassor, anasoma kile chuo ulichokiita Bububu.

Baba akafurahi. Alikaa barazani na fomu mkononi, akasema sharti la mama yake limetimia tena, jimbo moja na kaka yake, kama dada yake Rahma, khalas, yamekwisha. Mama akasema alhamdulillahi. Zuwena akanikonyeza, kwa sababu yeye ramani ameiona, na aliijua siri yetu ya kaseti kutoka kwa Nassor.

Kukonyezwa kule kuliniuma. Nikaona atakwenda na uongo wangu kama anayerithishwa bangili. Atarekodi kaseti na kumtuma Said kununua maziwa. Atakapoumwa hatasema anaumwa peke yake, maana atakuwa hayuko peke yake kwa mujibu wa nyumba nzima. Mimi niliumwa mara moja, Bibi, siku tisa, na sikukwambia. Kaseti ya mwezi ule niliirekodi nimelala.

Na upande wa pili nilijua kwamba nikisema kweli, Baba atachana ile fomu, na Zuwena atakaa nyumbani kwa ajili ya kosa langu.

Nilisema. Nilimwambia Baba mbele yao wote kwamba sharti lako la kila Ijumaa halikupata kutimia, kwamba Chwaka si Chwaka, nikamtajia zile saa za basi. Hakupiga kelele. Aliikunja fomu, akaitia mfukoni mwa kanzu, akatoka. Mama alilia. Zuwena aliniambia, "Wewe ulipita, ukafunga mlango nyuma yako," na hakunisemesha tena. Nilimwelewa. Hata hivyo sikujuta, na mpaka sasa sijuti.

Siku tatu Baba hakuligusa jambo lile. Siku ya nne, baada ya sala ya Ijumaa, alirudi kutoka msikitini akataka ramani. Nikamtandikia barazani. Akaniuliza nilipokaa mimi, akaweka kidole. Akauliza alipokaa Nassor, akaweka kidole cha mkono wa pili. Akavitazama vidole vyake.

"Miaka minne ulikaa hapa peke yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Na umerudi kama ulivyotoka."

Sikujua kama ananiuliza au anasema. Akavua miwani. Akasema basi hamtilii Zuwena sharti ambalo halijapata kumlinda mtu, na kwamba Zuwena ataondoka kwa ruhusa yake mwenyewe, si kwa mgongo wa kaka. Ila awe anasema kweli, akiumwa aseme, akitaka kurudi arudi. Akaitoa fomu mfukoni, akaitia saini pale pale juu ya ramani. Zuwena alimbusu mkono, akaja akanibusu na mimi, na nikaona pua yake inatoka makamasi kama alipokuwa mdogo.

Kisha Baba akanigeukia. "Lakini uongo ulimwambia mama yangu. Radhi yake si yangu kuitoa. Mwombe mwenyewe."

Ndiyo nakuomba, Bibi. Na kabla hujanijibu kuna kitu ambacho Baba sikumwambia.

Habari ya kifo chako nilipigiwa simu na ami kutoka Maskati. Nilikuwa mwaka wa tatu. Nilimpigia Nassor, nikaweza kusema jina lako tu. Kesho yake adhuhuri mlango ukagongwa. Alikuwa amesimama nje, shati limejikunja, macho mekundu, mkononi ana mfuko wa tende. Saa kumi na sita alikaa kwenye kiti cha basi. Aliniambia, "Nimekuja kukutazama." Tukasoma Yasini wawili sisi, sakafuni, kisha akanipikia, akaunguza.

Alikaa siku nne. Siku ya pili posta ikaleta kaseti yako, uliyoituma kabla. Hatukuthubutu kuifungua, halafu tukaifungua. Ulikuwa unakohoa. Ukasema umeme unawasumbua, ukasema mtende wa uani umezaa. Mwisho ukasema polepole, nami nimeyahifadhi maneno yako kama nilivyohifadhi Juzuu Amma: "Mwambie mume wangu Nassor nimemridhi dunia na akhera, kwa kukutazama mke mwenzangu kila Ijumaa."

Nassor alizima redio. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti, akasema radhi hii si yake na hajui airudishe kwa nani, mwenyewe keshaondoka. Nilimkumbatia. Mwizi nilikuwa mimi.

Bibi, usimnyang'anye. Deni la neno lile ni langu peke yangu, na ninakuomba unisamehe mimi. Yeye muachie ile radhi aliyopewa. Naapa kwa aliyekuumba, siku aliyokuja ilikuwa Ijumaa.

Nakuahidi kwamba Zuwena hatakuwa na siri na nyumba hii wakati mimi niko hai, na kwamba kila msichana atakayekuja darasani kwangu kuniuliza habari za kwenda kusoma, nitamtandikia ramani na kumwonyesha mbali kulivyo, kisha nitamwambia aende.

Mungu akulaze pema, Bibi yangu. Zuwena anaondoka Jumatano. Anasema nikusalimie.

Mjukuu wako,
Rahma