Nilimwambia Maji Yakipanda Ni Baraka

Maman Eulalie mpendwa, naomba unisaidie kabla mvua za septemba hazijaanza, maana zikianza jibu lako halitakuwa na faida tena. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nakaa Muhumba, na kila jumatano kikundi chetu cha maombi kinakutana kwangu, kwenye annexe ya nyuma, vyumba viwili tulivyovijaza viti tangu watoto wangu waondoke nyumbani, na mimi ndiye ninayeletewa ndoto na ishara nizifafanue kwa Biblia, kazi ambayo sikuiomba lakini, nisikudanganye, niliipenda mno.

Katika kikundi kuna Agnès, mama kijana wa watoto watatu, nyumba yake ya mbao ilikuwa chini kabisa bondeni kando ya mtaro, na mume wake Philémon anachimba dhahabu kule Shabunda. Mwaka jana mvua ilimwingilia ndani, akaja akaniuliza, "Maman Chantal, maji ilifika ku vifundo ya miguu, ile inamaanisha nini?" Papo hapo nikakumbuka maono ya nabii Ezekieli, maji yakitoka hekaluni, kwanza ya vifundo, kisha ya magoti, kisha ya kiuno, kisha mto mkubwa unaoleta uzima kila unapopita, nikamwambia mbele ya wote kwamba Mungu ameanza kumpimia baraka yake, asihame, na kikundi kikapiga vigelegele. Januari maji yakafika magoti, akaja anacheka, tukacheza. Philémon akapiga simu akasema, "Mutoke mu ile nyumba, muende kwa dada yangu kule Mumosho," na mimi, Maman Eulalie, mimi kwa mdomo wangu huu, nilimwambia Agnès kwamba mume wake amekosa imani.

Mwezi wa nne, saa tisa mchana, maji yalifika kiuno. Kiuno cha Agnès. Elysée, mtoto wake wa mwisho, alikuwa na miaka mitatu. Walimpata kesho yake karibu na ziwa, na Philémon akaja akazika, akarudi Shabunda.

Tangu siku ile sijalala vizuri, na pengine ningeendelea kunyamaza, lakini wiki iliyopita Agnès alikuja kunionyesha mikono iliyojaa malengelenge, anajenga upya pale pale, na nilipomuuliza sababu akasema, "Maman, kiuno ilishapita. Inabakia mto. Nikitoka sasa, Elysée atakuwa alikufa bure." Halafu akaniuliza kama mtoto alichukuliwa kwa sababu imani yake yeye ilikuwa ndogo, na mimi nikamwongezea chai. Nikikiri nilikosea, atanichukia na kikundi kitavunjika, nikinyamaza kuna watoto wawili waliobaki. Je, nimtafutie aya nyingine itakayomtoa pale, labda ya maji ya hasira, bila kugusa lile nililosema mwanzo?

Chantal, Muhumba

*

Chantal, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nililia. Kwa hiyo usidhani ukali wangu unatoka kwenye moyo mkavu.

Kwanza, jibu la swali lako: hapana. Aya moja iliyotumika vibaya imeshatosha.

Unajua kusoma, lakini umesoma kama mtu anayetafuta kupigiwa vigelegele. Maji ya Ezekieli yanatoka hekaluni, yanakwenda jangwani kuponya bahari iliyokufa, na kandokando yake inaota miti ya matunda. Ni maono waliyopewa watu waliofukuzwa kwao, ili wajue Mungu hajawasahau. Si ya kupimia mvua iliyoingia chumbani kwa mtu. Na nabii Isaya naye aliona maji yakipanda, yakafika shingoni, na yale yalikuwa jeshi la adui likiingia nchini. Kwa manabii maji ni uhai, na maji ni maangamizi, na anayefafanua lazima aulize yanatoka wapi na yanamfanyia nani nini. Yule mtu aliyempimia Ezekieli maji katika maono alikuwa na kamba ya kupimia mkononi. Wewe hukusema popote kwamba ulishuka bondeni hata mara moja ukaangalia ukuta wa Agnès. Philémon alikuwa mbali Shabunda, lakini ndiye aliyeona vizuri.

Na usinirukie upande wa pili ukamwambia ilikuwa hasira ya Mungu. Ilikuwa mvua, juu ya mlima uliokatwa miti, kwenye mtaro uliojaa chupa za plastiki.

Unaogopa kikundi kuvunjika. Mama, acha kivunjike! Agnès anajenga juu ya neno lako, msumari kwa msumari, kwa sababu akiacha kuliamini itambidi akubali kwamba mtoto alikufa wakati angeweza kuwa Mumosho. Mzigo huo anaubeba peke yake, na nusu yake ni yako.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, usingoje jumatano. Toa viti vyote kwenye ile annexe, fagia, tandika vitanda vitatu. Mpigie Philémon simu, mwambie alisema kweli na wewe ulimtukana. Kisha shuka bondeni kwa miguu yako, mwambie Agnès, "Nilikosea. Imani yako haikuwa ndogo. Mimi ndiye niliyesema vibaya." Atapiga kelele. Pengine atakupiga kofi. Simama hapo hapo, usijitetee, na umwambie tena hilo la imani yake, leo na kila siku atakayouliza.

Siku hiyo Biblia iache nyumbani. Beba ufunguo wa annexe, umpe mkononi.