Tulidhani Mke Angekutuliza

Kawangware 46, 1998

Kwako ndugu yangu Okelo,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema unatoka jela mwezi ujao na unaomba uje kukaa kwangu. Sijui nianzie wapi kukujibu, basi naanzia kule Mashimoni ulikokuwa ukiishi.

Unakumbuka chumba chako kile, redio za watu ulizokuwa ukitengeneza zimefunguliwa juu ya kitanda na watoto wa ploti wamekuzunguka? Mama zao wakienda vibarua walikuachia wewe. Nami nilijigamba kila mahali kwamba ndugu yangu anapenda watoto. Nilikutania kuwa huna rafiki hata mmoja mwenye ndevu. Ukacheka, ukasema, "Watu wakubwa wananichosha. Watoto hawanicheki." Nikadhani ni upole.

Kisha jirani yako akaja kwangu kulia kwamba umemfanyia binti yake tabia mbaya. Wazee wetu wa nyumbani wakakaa kwangu, wakanywa chai yangu, wakaamua haraka haraka. "Huyu ni upweke tu inamsumbua. Mtafutieni bibi, atatulia." Yule mtoto hakuna aliyemuuliza neno. Na aliyekutafutia mke ni mimi. Nilimpata Rosa, mjane wa Riruta, mwenye binti wa miaka minane, Akinyi. Nikakusifu kwake hadi mate yakanikauka. Habari za jirani nikazimeza.

Ulipofikishwa kortini kwa uliyomtendea Akinyi, ulisema ni shetani. Sasa unaandika kwamba ni upweke, na kwamba mjomba aliyetulea alikutendea vivyo hivyo ulipokuwa mdogo. Hapo nililia, Okelo. Nilimlilia yule mtoto uliyekuwa. Lakini hata mimi alinitenda, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo, na sijamgusa mtoto wa mtu. Sasa nishike lipi? Upweke gani, na Rosa alikuwa hapo anakupikia, anakuita Baba Akinyi? Tena ulimnunulia Akinyi viatu, ukamwambia kuna mambo yenu mama hapaswi kujua. Shetani gani huyo mwenye subira ya kununua viatu kwanza?

Nakukumbuka na ninakuchukia, yote kwa siku moja, wakati mwingine nikiwa nachagua mchele tu. Najichukia pia. Ningesema neno moja kwa Rosa, yasingetokea. Labda wewe mwenyewe hujui kwa nini. Labda unajua na unanificha. Nimechoka kukisia.

Kuna jambo hujaambiwa. Rosa alifariki mwaka jana, na Akinyi anaishi nami. Yeye ndiye aliyepokea barua yako, na mwandiko wako anaujua. Aliniletea bahasha ameishika kwa ncha za vidole, akauliza, "Aunty, anakuja huku?"

Nikamwambia hapana. Wakati huo nilikuwa sijaamua, nilisema tu ili atulie. Sasa nimeamua. Tafuta pa kukaa mbali na watoto, na ukipata watu wakubwa wa kukusikiliza, waambie ukweli wote.

Kwangu usije.

Ni mimi dada yako, na nitabaki dada yako,
Auma