Papa Viateur wa Karuba na Etiketi Zake Zilizobanduka

Mwaka umezunguka na kutimia, Papa Viateur, tangu Mungu alipokuita ukiwa umeketi kwenye kiti chako cha mlangoni, hapa Karuba, ng'ombe wakirudi kutoka malishoni. Tumeuvuka mwaka huo kwa sala na kwa kazi. Leo tunakuandikia mbele ya wote waliokufahamu, wa Masisi na wa Walikale, ili wasome pamoja nasi na kumshukuru Mungu pamoja nasi.

Wengi walikujua kwa burashi zako za kunyolea ndevu. Vinyozi wa Mushaki na Kingi walizitumia, na vilevile wazee waliopenda kupakwa povu taratibu kabla ya wembe kuguswa. Ulichagua manyoya ya mbuzi weupe, ukayafua, ukayaanika, ukayachana huku ukisali rozari kimya kimya, kisha ukayafunga kwa uzi. Mipini ilitoka Kashebere, kwa rafiki yako Émile, aliyeichonga kwa mti mgumu wa msituni. Yeye pia ndiye aliyekuletea ulimbo, ile gundi nyeusi ya miti, wa kushikiza manyoya ndani ya mpini. Burashi yako haikunyonyoka. Mtu aliweza kujinyolea nayo siku ya harusi yake, na akajinyolea nayo tena siku ya harusi ya mwanawe.

Kilichobanduka ni etiketi.

Hilo halikuwa jambo dogo nyumbani kwako, kwa sababu etiketi, vile vikaratasi vya jina kwenye mipini, ziliandikwa na mkeo, Mama Mukagasana. Utotoni hakukaa darasani hata siku moja. Alikuwa tayari na wajukuu alipojiandikisha kwenye masomo ya jioni ya parokia, kwa Mwalimu Olga. Alipopata herufi za kutosha kuandika jina lako, ulikata karatasi vipande vidogo, ukamwekea mezani pamoja na kalamu.

"Mama Umugwaneza," ukamwambia kwa jina la binti yenu mkubwa, kama ulivyomwita siku zote, "kuanzia leo njo wewe utakuwa unaandika jina ku kazi yangu."

Akaandika: Viateur, Karuba. Kabla ya kila kipande alifanya ishara ya msalaba, akamwombea mtu asiyemjua ambaye angeshika burashi ile. Wewe ulizipaka uji mzito wa mhogo, maana ulimbo ule mweusi ungechafua karatasi, ukazibandika kwenye mipini.

Lakini burashi ya ndevu huishi ndani ya maji ya moto na sabuni. Haukupita muda, kinyozi mmoja wa Kingi akafika mlangoni ameshika kipande kilicholowa kati ya vidole viwili.

"Papa, jina yako inaogelea mu bakuli yangu!"

Ulicheka sana. Mama hakucheka. Alikwenda jikoni, na huko ulimkuta analia karibu na moto.

"Unalia juu ya nini? Ni karatasi tu."

"Haiko karatasi," akajibu. "Ni mimi. Pengine Mungu anapenda nibakie vile nilikuwa."

Sisi watoto tulidhani amechoka. Wewe ulielewa. Ulielewa kwamba kila etiketi iliyoanguka, yeye aliiona kama herufi zake zimekataliwa, na kwamba asiposhikwa mkono siku zile hataigusa kalamu tena. Alikuwa ameshamwambia Mwalimu Olga kwamba ataacha.

Ndipo ukaanza kutafuta gundi nyingine. Hatuwezi kusahau ile ya fromaji, yaani jibini. Jirani anayetengeneza fromaji alikuambia kwamba maziwa yaliyoganda yakichanganywa na chokaa hushika kuliko msumari. Ukachanganya, ukabandika, ukazipanga burashi kwenye rafu, nyumba nzima ikanuka. Na kweli zilishika. Ulizivuta kwa kucha, hazikusogea. Ukalala umeridhika. Asubuhi hapakuwa na hata moja. Panya wa vilima hivi, waliolelewa kwa fromaji tangu kuzaliwa, walikuwa wamekula etiketi zote, jina na kijiji, wakaiacha mipini misafi.

Umugwaneza alisimama mbele ya rafu, mikono kiunoni. "Mama, furahi! Sasa hata panya wako na jina ya Papa mu tumbo."

Mama alijizuia kidogo, kisha akacheka mpaka akajishikilia ukutani. "Basi panya njo wasomaji wangu wa kwanza," akasema. "Na wanapenda masomo kunipita!"

Jioni hiyo alirudi darasani.

Tunakumbuka mengine mengi juu yako, Papa. Ulipenda chai iliyojaa maziwa kiasi kwamba Rukundo, mwanao, alikuuliza kama majani ya chai yalipita tu karibu na sufuria. Hukupita mbele ya mgonjwa bila kuingia. Watu waliokimbia vita walipojaa kwenye shule na makanisa, ulichukua bakuli na wembe ukawanyoa wanaume mmoja mmoja, ukisema kwamba mtu akinyolewa anajikumbuka. Hukuuliza anatoka kijiji gani wala anasema lugha gani. Ulimwuliza tu kama maji ni ya moto mno.

Turudi kwenye etiketi. Ulikuja msimu mmoja wa ajabu ambapo zilishika. Mama alizibandua zote za zamani na kuandika mpya, wewe ukazibandika, na hakuna burashi iliyorudi. Alitoa shukrani kanisani kwa jambo hilo, akisimama kabisa na kulitaja. Msimu huohuo barabara ya Walikale ilifungwa, mipini haikuja, na burashi mpya hazikutengenezwa. Basi hapakuwa na cha kuandika. Kalamu ikaingia kikapuni chini ya nyuzi. Mama akakosa darasa jioni moja, halafu nyingine. Mwalimu Olga alipopita kumwulizia, Mama alimjibu kwa upole, "Jina ya bwana yangu nimeshaijua. Inatosha." Ulikuwa umekaa hapohapo unachana manyoya. Ulimsikia.

Barabara ilipofunguka na mipini kufika, etiketi zilianza kubanduka upya, vibaya kuliko zamani. Mama alipokuuliza sababu, ulilaumu mhogo wa mwaka ule. Alipiga magoti kando ya kitanda, tukamsikia akisema, "Bwana, si ulikuwa umenisikia?" Kisha akainuka, akaitoa kalamu kikapuni, kwa sababu wenye burashi walikuwa wanangoja mlangoni.

Na kwa kuwa jina sasa lilimjia bila shida, Mwalimu Olga alimshauri aongeze neno. Akaongeza "Amani". Baadaye "Bwana ni mwema". Baadaye sentensi nzima, kwa herufi ndogo ndogo, kuzunguka mpini. Watu wakaanza kuleta burashi zilizobanduka huku wakiomba maneno yao: huyu baraka kwa kijana wake anayeoa, yule salamu kwa kaka yake aliyeko Goma. Waliketi, wakanywa maziwa, wakasubiri Mama aandike. Baraza yako haikukosa watu.

Tena kuna ile Jumapili ya katekista Floribert. Alikuwa amejinyoa haraka, akakimbilia kanisani, akasimama kuongoza ibada huku etiketi imenata shavuni mwake. Bibi mmoja wa benchi la mbele hakuweza kuvumilia.

"Katekista! Uko na étiquette ku shavu!"

Floribert alijipapasa upande usiofaa. "Inasema nini?"

Watu walitazamana. Aliyesimama ni Mama Mukagasana. Alitembea mpaka mbele, akamshika katekista kidevu kama mtoto anayesafishwa pua, akasoma kwa sauti: "Bwana ni mwema. Viateur, Karuba."

"Amina," akasema Floribert. "Mahubiri imeisha. Tuimbe."

Kanisa zima lilicheka kabla ya kuimba. Ilikuwa mara ya kwanza mkeo kusoma mbele ya watu. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako na kutabasamu, mfano wa mtu asiyehusika hata kidogo.

Sasa tukuambie jambo tulilolijua wewe ukiwa umeshaondoka.

Mwezi uliopita tuliondoa matanga. Wanaume wa familia, ambao hawakuwa wamegusa ndevu zao tangu tukuzike, walipangwa uani kwenye mabenchi. Émile alikuja kutoka Kashebere, akasema hatakubali mtu mwingine awanyoe. Alileta burashi yake mwenyewe, ile uliyompa zamani. Akaanza na Rukundo. Mama alikuwa amemshikia bakuli la maji ya moto, na akiwa hapo karibu aliuona mpini. Juu yake palikuwa na etiketi, imekuwa ya manjano kwa uzee, yenye herufi zake za mwanzo zile zilizolala upande. Povu lilikuwa linaipita juu. Hata pembe moja haikuwa imeinuka.

"Émile," akasema, "hii inashika namna gani?"

"Si ni ule ulimbo mweupe wa kwetu? Ule haichafue karatasi. Nilimuletea kaka Viateur kopo muzima, mbele barabara ifungwe. Ile kopo haiwezi kuisha hata leo."

"Kopo gani?"

Émile aliusimamisha wembe hewani. Rukundo, nusu ya uso wake ikiwa povu, akasema, "Papa Émile, maliza kusema ao maliza kuninyoa. Moja kati ya hizo."

Émile akaweka wembe chini. "Mama, usinikasirikie mimi. Nilirudi hapa wakati barabara ilifunguka, nikamukuta anapaka tena mhogo. Nikamuambia, kaka, umekuwa mujinga? Ulimbo iko pale! Akaniangalia hivi, akaniambia: 'Tangu zimeshika, Mukagasana ameweka kalamu mu kikapu. Acha zibanduke.'"

Tuliogopa. Tulijua ni sala ngapi zilipandishwa mbinguni kwa ajili ya etiketi zile. Mama aliweka bakuli chini polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Kumbe Mungu alijibu," akasema, "na huyu muzee akaficha jibu mu kopo!"

Kisha akaketi kwenye benchi katikati ya wanaume wenye ndevu, akacheka, na machozi yakamtoka, vyote pamoja, wala hakujaribu kutenganisha kimoja na kingine. "Na mhogo ya watu akasema iko mubaya," alikuwa akirudia. "Mhogo ya watu!" Émile naye akacheka, na Rukundo akasubiri na povu lake mpaka likakauka.

Uongo ule wa mhogo tumeutaja katika misa ya kuondoa matanga, tukamwomba Mungu asikuhesabie. Tunaamini hakukuhesabia.

Kopo tulilikuta juu ya boriti, nyuma ya ngozi za ndama. Ulimbo ulikuwa umekauka juu, lakini chini ulikuwa laini bado. Kulikuwa pia na burashi chache ulizozimaliza kabla ya ugonjwa, hazijabandikwa kitu. Umugwaneza alimwuliza Mama zibandikwe kwa gundi gani, ya mhogo kama Papa alivyotaka, au ulimbo. Mama alisema ataomba kwanza. Alikwenda kanisani peke yake, akakaa, akarudi akiwa mtulivu.

Alilipasha kopo moto. Akaandika jina lako kwenye kila kipande kwa mwandiko ulionyooka, akavibandika vyote kwa ulimbo, akavikandamiza kwa kidole gumba mpaka vikashika.

"Hizi zisitoke tena," akasema. "Papa yenu alikuwa ananitafutia kazi ya kuandika. Sasa naweza kujitafutia mwenyewe."

Kisha akamtuma Umugwaneza dukani kununua karatasi kubwa, akakaa mezani, akafanya ishara ya msalaba, na jioni kwa jioni akaandika maneno haya unayosikia, tangu la kwanza hadi la mwisho. Sisi tulikaa kando tukimkumbusha.

Wanaokukumbuka kwa upendo na shukrani: mkeo Mukagasana, wanao Umugwaneza na Rukundo, pamoja na wenzi wao, wajukuu zako wote, rafiki yako Émile na nyumba yake huko Kashebere, katekista Floribert, Mwalimu Olga na darasa zima la jioni.

Pumzika kwa Bwana, Papa Viateur. Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka, na mkeo ataendelea kuandika.