Koti la Mtasema

Sumbawanga mjini,
Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na mama? Na goti lake linaendeleaje na hizi mvua zilizoanza? Sisi huku hatujambo. Benjamini anakuamkia, yuko kazini. Lydia anakua, meno ya mbele yaliyong'oka yameshaota tena. Nimesikia huko Laela mmeanza kupanda mahindi. Mungu awajalie, nguruwe pori wasiwasumbue kama mwaka jana.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu, baba, huwa unanikatia. Nikianza tu kuligusa jambo hili, unasema mtandao mbovu. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na ukiichana Justina ataniambia. Mdogo wangu huyo hafichi kitu.

Umetuma ujumbe kwamba Krismasi tuje wote na Lydia asikose. Nitakujibu, ila kwanza unisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyohangaika na huyu mtoto. Kila tukitoka kwako, macho mekundu, mafua, vipele pale alipolambwa, kifua kinapiga filimbi. Mama akasema ni baridi ya Ufipa, nami nikamvalisha masweta mpaka akawa kama robota la mitumba. Daktari ndiye aliyeniuliza swali la maana: akianza kuumwa anakuwa wapi, na anacheza na nani? Kwako, na mbwa wako Mtasema. Akasema ni aleji ya mbwa. Akanieleza kwamba tatizo si manyoya tu, ni mate na vigamba vidogo vya ngozi yake, vinavyoshika kwenye nguo na mablanketi hata mbwa mwenyewe akiwa hayupo. Akatupa dawa ya kuvuta, akasema isikae mbali na mtoto.

Nilikuja kukueleza yote haya kwa heshima. Sikusema mbwa auawe. Najua ndiye anayelinda shamba lako, na najua ulimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliosema nyumba ya bati hutaimaliza. Nilikuomba tu alale nje tukiwa kwako, na mablanketi yafuliwe. Ukacheka. Ukasema hayo ni magonjwa ya watoto wa chipsi, kwamba ninyi mlilala na mbwa jikoni na hakuna aliyekufa. Lakini mwisho ukakubali, tena mbele ya mama.

Ndipo tukaja likizo ya mwezi wa sita. Nilimkuta mbwa amefungwa nyuma ya kihenge, nikafurahi, nikasema moyoni baba yangu ni muungwana. Mchana ule nikaenda na mama mashineni kusaga ulezi, mtoto nikakuachia wewe. Tuliporudi tulimkuta kwenye kiti chako, midomo imekuwa ya bluu, anavuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Dawa ilikuwa kwenye mkoba wangu humo humo sebuleni, na kuitumia Lydia anajua mwenyewe. Bodaboda wa jirani ndiye aliyetukimbiza kituo cha afya. Mimi nikiwa nimemshikia mtoto oksijeni, wewe ulikuwa nje unawaambia wanajumuiya kwamba ni vumbi la ulezi niliopepeta asubuhi, nikamkumbatia nalo kabla ya kwenda mashineni. Mimi! Na nilikuamini, baba. Kitenge nilichovaa siku ile nilikifua mpaka kikachuja. Miezi yote hii nimelala nikijilaumu.

Wiki iliyopita mvua ilitukuta njiani, Benjamini akamfunika Lydia koti lake. Weee! Mtoto alilitupa kwenye tope, akalia kwa nguvu mpaka watu wakageuka. Nilipombembeleza nyumbani ndipo akasema. Akasema babu alimfunika koti lake la shambani, lile analolalia Mtasema, akamwambia kwa kuwa hamwoni mbwa karibu, hataumwa, ugonjwa uko kichwani mwa mama. Akamwambia ajikaze asikohoe mpaka mama arudi, ili wamwonyeshe kwamba amepona, na iwe siri yao wawili. Na alijikaza, baba. Dawa aliiona ilipo, hakuifuata, asije akamwangusha babu yake.

Ungekuwa hujui, ningesamehe siku ile ile. Ulijua, nilikueleza mwenyewe. Halafu ukanitwisha mimi mzigo wako na ukaniangalia nikiubeba. Mbwa hana kosa lolote.

Basi Krismasi hatuji. Mama akitaka kutuona aje, nauli nitamtumia, na akifika nitampa nguo zangu abadilishe. Wewe sikukaribishi. Sisemi ni milele, ila leo moyo wangu umekataa kabisa.

Lydia hajui kwamba nakuandikia. Jana aliniuliza kama babu bado amemkasirikia kwa sababu alishindwa kujikaza. Mjibu wewe.

Nisalimie mama na Justina. Wasalimie na wanajumuiya, hasa wale uliowapa habari ya vumbi, na wasomee barua hii kama unaweza.

Ni mimi mwanao,
Cornelia