Kikwembe cha Buluu Ndani ya Motoka ya Papa

Bel-Air, Lubumbashi, 15 Septemba 2024

Yaya Ruben,

Nakusalimia. Usingizi unakuja huko Pweto? Unakula? Sisi tuko. Mama anapika, anafagia, anaenda ibadani. Ukimuuliza habari anajibu "tuko," basi hata mimi nakuandikia hivyo. Simu yako inaita bila jibu, ndiyo maana nimemupa barua Mumba, yule anayeendesha camion ya samaki.

Tangu papa azikwe mwezi wa Januari bila wewe, pick-up yake iko uani. Mara moja moja nakaa ndani kusoma masomo yangu ya ualimu, kwa sababu ni kimya. Plafond imeanguka. Kile kitambaa cha juu kimeachana na ubao wake, kinagusa nywele za muntu.

Familia inauliza siku ya kutosha kilio, yaani kuondoa matanga. Unajua kwetu mutoto wa kwanza ndiye anamufungua mama kitambaa cheusi cha kichwa. Mama anakungojea. Hasemi, lakini anangojea. Unakuja lini?

Mudogo wako,
Séphora


Pweto, 29 Septemba 2024

Mudogo wangu Séphora,

Salamu kwako na kwa mama. Niko na afya, samaki inapatikana, joto ni jingi.

Sitaweza kuja. Batoshe kilio bila mimi, ba papa badogo bako hapo.

Pick-up tuiuze. Paluku, yule wa mizigo ya Kasumbalesa, anaitaka, lakini hawezi kununua motoka yenye kumuangukia machoni. Uipeleke kwa Désiré, hapo Lubumbashi katika mutaa wa Kenya, anayeshona viti vya minibus, aweke plafond mupya. Ikiuzwa, mambo yangu ya huko yamekwisha.

Soma vizuri.

Yaya wako,
Ruben


Bel-Air, 13 Oktoba 2024

Yaya Ruben,

Barua yako ilifika ikinuka samaki. Mama aliinusa mbele ya kuisoma. Homa haijakusumbua? Huku tunangojea mvua.

Nilisoma mara nyingi pale unaposema mambo yako ya huku yatakwisha. Sikujua kama kazi niifanye vizuri ao vibaya. Niliifanya vizuri.

Jirani yetu Élie aliendesha. Désiré alikuwa amezungukwa na viti. "Minamujua papa yako, lakini leo sina mikono," alisema. "We utafanya, miye nitaongea tu."

Nilifungua taa na vile vibao vya kuzuia jua, tukatosha ubao kupitia mulango. Chini ya kitambaa, mousse, ile sponji, ilikuwa imeoza kuwa unga wa manjano. Niliusugua kwa brosi mpaka ukaniingia masikioni.

"Mumuangalie," Désiré aliwaambia bantu wake, "mwalimu wa kesho amekuwa bukari, ugali wa manjano."

Akaniomba kitambaa kipya. Sikuwa nacho, nikarudi nyumbani kuuliza. Mama alifungua sanduku, akatosha kikwembe, kitenge cha buluu chenye majani meupe. "Beba hii. Mwenyewe hatakuya kuishona."

Tulipaka colle ya kubandika, tukangoja isishike tena kidole, tukalaza kikwembe kuanzia katikati, nikisukuma hewa kwa viganja kuelekea pembeni. Hakuna kipovu hata kimoja. Paluku anaweza kuja.

Mudogo wako,
Séphora


Pweto, 20 Oktoba 2024

Séphora,

Salamu. Umefanya vizuri. Paluku atapita na bibi yake wa ndoa. Umupe ufunguo na karatasi.

Yaya wako,
Ruben


Bel-Air, 10 Novemba 2024

Yaya,

Mvua imeanza. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, kwa sababu habari si nzuri.

Paluku alikuja na bibi yake, Mama Kyakimwa. Aliwasha motoka, akaisikiliza, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Bibi yake akapanda upande wa pili, akainua macho.

"Paluku, shuka."

"Kuko nini?"

"Hii ni kikwembe ya kilio ya papa yao, Papa Edouard. Niliivaa siku ya kuzika. Yangu iko ku nyumba."

"Ni kitambaa tu."

"We utaendesha chini ya kilio ya bantu? Basi utaendesha we moya. Séphora, mwanangu, nani alikuambia uweke hii?"

Nilimuangalia mama. Alikuwa amesimama mulangoni, akarudi ndani. Bakaenda.

Mimi niliona kitambaa kizuri, basi. Katika vitabu vyangu vyote sikusoma mahali kwamba kikwembe cha kilio hakifuniki kitu kingine. Siku ile kila muntu wa familia na rafiki wa karibu alipewa kipande chake, na hiki kilikuwa cha kwako. Mama alikinunua pamoja na vingine. Kilibaki sandukuni bila kukatwa kwa sababu fundi hakuwa na vipimo vyako.

Désiré anasema anaweza kukibandua na kuweka kingine. Paluku anasema hapo atarudi. Lakini sitaipeleka motoka kwa Désiré. Ukitaka kitoke, kuja ukitoshe mwenyewe.

Sijapata kukuandikia hivi. Unisamehe ao usinisamehe, lakini ndivyo nilivyoandika.

Mudogo wako,
Séphora


Pweto, 8 Desemba 2024

Séphora,

Mama anaendelea namna gani? Safari hii nauliza kweli.

Nimekaa na barua yako muda murefu. Nilifikiri siku ile bikwembe bilihesabiwa bila mimi. Hakuna aliyeniambia kwamba kulikuwa na cha kwangu.

Muambie Paluku atafute motoka ingine.

Mumba anaondoka kesho asubuhi, ameniwekea nafasi mbele. Nimefunga mufuko. Njia ni ndefu na mimi sijijui. Kwa hiyo barua hii namupa Mumba aishike. Tukifika pamoja Bel-Air, nitaichukua tena mukononi mwake na hautaiona. Kama unaisoma, ni kwamba nilishuka njiani, pale Kilwa, nikarudi.

Usimuambie mama kwamba nilianza safari.

Yaya wako,
Ruben