Kikombe cha Maili Moja

Nakuru,
Jumapili, 19 Oktoba 1958

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe na Baba na mdogo wangu Jerop. Natumaini baridi ya Mau Narok haijakurudishia kile kikohozi chako, na kwamba mgongo wa Baba umepata nafuu sasa trekta imelala na ngano inangoja kuvunwa. Mimi mwili hauna ugonjwa. Nakula na nasoma. Mengine yote nitayasema humu, na mnivumilie kwa kuwa barua hii ni ndefu.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Kabla sijaifungua niliujua mwandiko wa ndugu yangu Kipketer juu ya bahasha, zile herufi zake zilizonyooka kama mistari ya pareto shambani. Umesema anakaa mlangoni siku nzima, mguu juu ya kigoda, na habari za shule ndizo zinazomchangamsha. Kwa hiyo unataka nieleze mashindano na safari ya Kisumu, nisiache kitu. Tena umeniuliza mbona tangu aumie sijawaandikia hata mstari mmoja. Nitakujibu, Mama, lakini niache nianze mbali kidogo.

Unakumbuka mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, nilishinda mbio za maili moja hapa shuleni. Tangu siku hiyo nikawa mtu. Wadogo walinibebea sahani, nikafanywa kiranja wa bweni, na Mwalimu Gachanja, anayetufundisha Jiografia na kusimamia michezo, alikuwa akinionyesha kwa wageni. Halafu Januari Kipketer akaja Kidato cha Kwanza. Nilimpokea mwenyewe stendi, nikamchukulia sanduku. Nilifurahi, Mungu anajua. Tangu ulipomleta nyumbani baada ya mazishi ya mama mdogo aliyemzaa, tumelala blanketi moja, na sikuwahi kumwita jina lingine ila ndugu.

Mwezi wa Juni akanishinda. Kama angenishinda tangu mwanzo isingeniuma hivyo. Lakini alikimbia nyuma yangu mizunguko mitatu na nusu, akinipisha kwa adabu, kama mtu anayemfuata kaka yake njiani kwenda kisimani. Zilipobaki yadi mia mbili akapita. Baadaye alikuja akaniomba msamaha mbele ya watu. Watu wakamsifu kwa mbio, kisha wakamsifu tena kwa unyenyekevu. Mimi nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Wiki mbili baadaye lori la shambani likaleta kibuyu cha maziwa ya mursik. Dereva alisimama mlangoni pa bweni akasema, "Mama amesema hiki ni cha Kipketer aliyekimbia." Mama, mwaka jana niliposhinda mimi ulinitumia salamu. Najua mwaka jana lori halikuwa likija Nakuru. Nilijua hata siku ile. Kipketer alinimiminia kikombe cha kwanza, na mimi nikasema tumbo linanisumbua.

Agosti tuliporudi nyumbani, Baba aliwaita jirani zetu wakaja kusikia habari za mbio. Kipketer alisimulia, Baba akawa anapiga goti kwa mkono kila alipofika pale pa kunipita. Hakuna aliyekumbuka kwamba yule aliyepitwa yumo nyumbani humo humo, amekaa karibu na kuni. Wewe ulinipa kijiti nichochee moto.

Tulipofungua shule mwezi wa Septemba, Mwalimu Gachanja alitutangazia mambo mawili. La kwanza, shule za wilaya zitashindana Nakuru mjini, na Bwana Ishwarlal mwenye duka la vitambaa ametoa kikombe cha fedha kwa atakayeshinda maili moja. La pili, darasa la Jiografia litasafiri kwa gari la moshi kwenda Kisumu kuona bandari na viwanda, na kila mwanafunzi wetu atakayeshinda mbio mjini atapewa nafasi katika safari hiyo, awe wa kidato chochote. Mimi jina langu halikuwamo kwenye orodha ya darasa, kwa sababu ya alama zangu. Njia yangu ilikuwa ni kikombe. Kipketer alipokuwa akifanya mazoezi, Mwalimu alishika saa yake na kuitazama mara mbili, kana kwamba imemdanganya.

Sasa mashindano. Yalikuwa Jumamosi ya tarehe nne, watu wengi, jua kali, vumbi la chumvi likipeperuka kutoka ziwani. Tulikimbia kumi na wawili. Nilishika nafasi ya tatu hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, nikawapita wawili kwenye kona, na nikakata utepe. Dakika nne na sekunde arobaini na moja. Bwana Ishwarlal mwenyewe alinipa mkono na kikombe. Mwalimu Gachanja akanikumbatia, akasema, "Umekimbia vizuri sana, Micah. Kipketer angekuwa hapa angefurahi." Hivyo tu, Mama. Nikiwa na kikombe mkononi bado nilisikia jina lake. Na nilijua saa ya mazoezi yake ilisemaje: dakika nne na sekunde thelathini na sita.

Safari ilianza Ijumaa iliyofuata. Stesheni ya Nakuru askari alimsimamisha Mwalimu, akataka pasi yake ya ruhusa, kwa kuwa yeye ni Mkikuyu, akaisoma pole pole sisi tukingoja. Mwalimu alituhesabu tu tena tulipopanda. Tulipita Njoro na Molo katika ukungu, kisha Londiani, halafu nchi ikaanza kushuka na joto likaingia dirishani. Tulionyeshwa kiwanda cha sukari, miwa ikisagwa na maji yake yakichemshwa hadi yakawa punje. Kisumu tuliona meli inayopakua pamba ya Uganda, kubwa kuliko ghala la ngano la shambani kwenu, na tukaruhusiwa kupanda hadi chumba cha mitambo. Niliandika kurasa tisa. Bandarini Mwalimu alinunua picha ya posta ya ile meli. Nilidhani ni yangu, mshindi. Akaniambia, "Hii utampelekea ndugu yako." Niliiona meli nzuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na nikatamani aliyelala na mguu mbovu asijue kamwe ilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipojiogopa, Mama. Na sasa nasema lile lililonifanya nisiandike.

Mliambiwa kwamba Kipketer alijikwaa kwenye seng'enge wakati wa mazoezi kwa kutotazama anapokanyaga. Ndivyo alivyosema yeye. Sivyo ilivyokuwa. Jumatatu ya wiki ya mashindano, asubuhi, tulikimbia sisi wawili kando ya ua wa shamba jirani, mimi mbele, yeye nyuma yangu kama kawaida yake. Sisi wakimbiaji tuna sheria moja: aliye mbele ndiye macho ya aliye nyuma. Akiona shimo hupiga kelele "Shimo!", akiona waya hupiga kelele "Waya!" Waya ulikuwa umekatika kwenye nguzo, umejikunja katika nyasi ndefu. Mimi niliuona. Nikauruka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikalimeza.

Nilisikia alivyoanguka. Niliporudi, seng'enge ilikuwa imeingia juu ya kisigino na damu imejaa nyasini. Nikamwambia pole. Yeye akanitazama akauliza, "Uliuona?" Nikasema sikuuona. Alikuwa ameniona nikiruka. Hakuniuliza tena, na Mwalimu alipofika mbio na machela, Kipketer akasema kosa ni lake.

Kipketer, ndugu yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama maneno haya kwa sauti. Usiruke mstari. Najua unaweza kupita hapa na kumtungia mengine, kama ulivyomtungia Mwalimu. Usinifiche mara ya pili. Msomee kama nilivyoandika, na kama Baba yumo ndani, msomee na yeye.

Juzi Ijumaa nilimwendea Mwalimu Gachanja nikamweleza yote. Akaniuliza, "Ulitaka aumie?" Nikamjibu kwamba nilitaka asishinde. Akasema, "Sikukuuliza hilo." Alinipeleka kwa mwalimu mkuu. Nimevuliwa ukiranja, na kikombe kimerudishwa mjini apewe yule kijana aliyekuwa wa pili. Sikufukuzwa, kwa sababu Mwalimu aliniombea. Ndipo aliponieleza na maneno ya daktari, ambayo nadhani mliyaficha ili yasinivunje moyo: kwamba mshipa umeungana, Kipketer atatembea vizuri, lakini kukimbia daktari hakuahidi.

Siombi msamaha kwa barua, maana barua haina uso. Shule itafungwa tarehe tano Desemba. Nitashuka kwenye njia panda, na kama Baba hataki niingie nyumbani nitalala kwa jirani, mzee Kipsang, na kila siku nitakuja kufanya kazi zote alizokuwa akifanya Kipketer, maji, kuni na ng'ombe, mpaka mniambie vingine. Picha ya posta imo ndani ya bahasha hii. Ni yake. Na kurasa zangu tisa nimemnakilia zote, asishindwe mtihani wa Jiografia akirudi.

Kuna jambo moja lililobaki, na afadhali mlijue kutoka kwangu. Nilidhani nikikiri wivu utatoka, kama mwiba ukishang'olewa. Haujatoka. Hata sasa hivi ninapoandika, nafikiri kwamba barua hii ikiisha utalia, Mama, na yeye ndiye atakayekuwa karibu na mkono wako.

Nisalimie Jerop, mwambie asiache kitabu chake. Msalimie Baba, kama atakubali salamu zangu. Mungu awalinde nyote wanne humo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Micah Kiprono