Amechangamka Tu

Alhamisi. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya Ifakara kama mgeni asiyejua kuaga. Halinyeshi, haliondoki. Nami ni hivyo hivyo.

Kesho natoa ushahidi mahakamani. Mshtakiwa ni Kasiani, mdogo wake mke wangu, dereva wa bajaji. Siku ya kipaimara kule Kisawasawa alikunywa pombe ya komoni tangu misa ilipoisha, kisha akatupakia turudi mjini. Hatukufika. Bajaji ilipinduka ikamlalia abiria mwenzangu, Mama Tekla, muuza samaki. Mguu wake wa kulia umekatwa.

Kasiani alikimbilia kwenye mashamba ya mpunga. Alipojisalimisha polisi kesho yake, alikuwa mkavu kama unga. Cha kupima hakikuwepo tena.

Kipimo kilichobaki ni mimi.

Kwenye maelezo yangu polisi niliandika, "Alikuwa amechangamka." Neno zuri. Huku kwetu hakuna walevi. Kuna watu wanaochangamka mpaka wakabebwa.

Nimeuliza, nikaelezwa: dereva mzembe ana kosa lake, aliyelewa akamjeruhi mtu ana kosa jingine, zito, la kufungwa. Aliyechangamka hayumo. Nimeitafuta sheria mwenyewe kwenye simu, kifungu kwa kifungu. Hayumo kabisa.

Mama mkwe kapiga simu. "Baba Neema, hilo neno lako usiliongeze wala usilipunguze. Mwanangu ana watoto." Nikaitikia ndiyo, mama. Mkwe habishiwi.

Mchana nikaenda kumwona Mama Tekla. Nikamwamkia shikamoo. Akanitazama kutoka pale mkekani.

"Marahaba. Leo u mzima, au umechangamka tu?"

Majirani wakacheka. Mimi sikuweza.

Kuna kitu sikukiandika polisi. Siku ile, kabla ya kupanda, mama huyu aliniuliza mimi, si dereva: "Huyu kijana mzima kweli?" Nilikuwa nimetoka kumwona Kasiani akihangaika kutafuta ufunguo alioushika mkononi. Nikamjibu, "Amechangamka tu, mama. Panda."

Akapanda.

Jioni hii nimelijaribu lile neno jingine mbele ya kioo. Ulimi mzito, utadhani mlevi ni mimi. Lakini kesho nitalisema: alikuwa amelewa. Na lile la "panda" nitalisema pia, hata wasiponiuliza.

Mke wangu hajauliza nitasema nini. Amelipiga pasi shati langu jeupe, akalitundika mlangoni.

Ananisindikiza, au ananiaga?